Kibarua wa miaka mitatu: kweli kampuni itafunga mkiandikwa?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Manyatta, Kisumu, nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu habari. Mimi napakia na kupanga mizigo kwa godauni moja hapa Kisumu, huu ni mwaka wa tatu. Tunalipwa 500 kwa siku, pesa inaingia kwa simu kila Jumamosi. Kila miezi mitatu hivi tunaambiwa tupumzike wiki moja, tukirudi tunaandikwa upya kwa kitabu. Likizo hakuna, NSSF hakuna. Ukiuliza unaambiwa wewe ni wa kibarua tu. Mwenzetu mmoja aliuliza sana mwaka jana akaambiwa asirudi. Supavaiza anasema serikali ikilazimisha tuandikwe wote kampuni itafunga tukose hata hiyo 500. Ni ukweli? Na kama sheria iko, mbona haitusaidii sisi?"

Ndugu yangu, habari, na pole na kazi. Mambo ya leba nimeyafanya miaka mingi, kwanza Nakuru alafu huku Kisumu, saa zingine nikisimama na wafanyakazi, saa zingine nikikaa upande wa mwajiri nikimshauri, kwa hivyo sina sababu ya kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Jibu fupi: kisheria wewe si kibarua, supavaiza wako amesema nusu ukweli, na sheria haiwafikii juu ilitengenezewa soko la kazi ambalo Wakenya wengi hawamo. Sasa jibu refu.

Tuanze na hilo jina la kibarua juu ndilo linawanyamazisha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 2, inasema mfanyakazi wa kibarua ni yule ambaye makubaliano yake ni alipwe mwisho wa kila siku na hajachukuliwa kwa zaidi ya masaa 24 kwa mara moja. Mtu ameitwa asubuhi kushusha lori moja la simiti, jioni amelipwa, ameenda zake, huyo ndiye kibarua. Wewe unalipwa Jumamosi, kila Jumatatu unajua unarudi, uko na shifti, uko na jina kwa kitabu, supavaiza anakujua mpaka kwenu. Kulipwa kwa wiki peke yake kunaanza kukutoa kwa hiyo maana, na kifungu cha 35 kinasema mtu anayelipwa kwa vipindi vya chini ya mwezi anafaa kupewa notisi ya urefu wa kipindi hicho, yaani kwako wewe wiki moja, si kuambiwa kwa geti jioni "kesho usikuje".

Alafu kuna kifungu cha 37, hicho ndicho ningetaka kila mtu wa godauni akijue kama anavyojua namba yake ya simu. Kinasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo zikijumlishwa zinafika mwezi mmoja, ama akipewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi na notisi inakuwa siku 28. Akifululiza miezi miwili ama zaidi tangu siku ya kwanza, anapata masharti yote ambayo angepata kama hangeanzia kwa kibarua, pamoja na likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka. Hakuna mahali imeandikwa ati mwajiri lazima akubali kwanza ama akupe barua kwanza. Na kupanga mizigo kwa godauni si kazi ya kuisha, siku itakapoisha ni godauni lenyewe limefungwa.

Sasa unaona ile wiki moja ya kupumzika ni ya nini. Imewekwa hapo ili kukata mfululizo, ndio mkifika kortini mwajiri aseme "huyu alikuwa anakuja na kuenda". Nakwambia ukweli, majaji hawajakubaliana wote kwa hili. Kuna hukumu zimeona mapumziko ya aina hiyo ni ujanja mtupu na zikamhesabia mfanyakazi miaka yake yote, na kuna hukumu zimemtupa mfanyakazi nje kwa sababu alishindwa kuonyesha ni siku gani alifanya kazi na ni gani hakufanya. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, kwa ile kesi ya wafanyakazi wa chumvi wa Krystalline kule pwani, ilisema mtu anayelipwa kwa kipande, yaani kwa kiasi cha kazi aliyomaliza, hageuki kuwa wa mwezi kwa kifungu cha 37, na ni mfanyakazi mwenyewe wa kuonyesha alifululiza. Kwa hivyo siku mkiitwa mkutano mkaambiwa kuanzia leo mnalipwa kwa gunia badala ya kwa siku, mjue kuna mtu ameongea na wakili.

Hapo kwa sheria nimemaliza kwa sasa, nitarudi mwisho kwa vitu vya kufanya. Wacha niingie kwa hiyo ya kufunga, juu ndiyo wasomi wa uchumi wanabishania miaka nenda miaka rudi na supavaiza wako ameisema kwa sentensi moja.

Chukua kalamu. Wewe unapata 500 mara siku 26, hiyo ni 13,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida katika jiji la Kisumu, kwa amri iliyoanza Novemba 2024, ni 16,113.75, na hiyo haijaweka nyumba. Marupurupu ya nyumba ni asilimia 15, kwa hivyo ongeza kama 2,400, unafika 18,530. Mwajiri naye juu ya hiyo anatoa NSSF asilimia 6, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na shilingi 50 ya NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, jumla ni kama 1,440. Likizo ya siku 21 ukiigawanya kwa miezi inamgharimu kama 1,250. Ukijumlisha zote, kukuweka wewe mmoja kisheria kunamtoa kutoka 13,000 hadi karibu 21,200. Ni kama 8,200 zaidi kila mwezi kwa kichwa kimoja. Mkiwa 60 pale ndani ni karibu nusu milioni kwa mwezi, na hapo ndipo supavaiza ana ukweli wake, hiyo si pesa ya kuchezea kwa biashara ya kawaida ya Kisumu.

Lakini angalia hiyo 8,200 imetoka wapi. Kama 5,500 hivi, yaani thuluthi mbili, ni mshahara wenyewe ambao wako chini yake saa hii. NSSF, ushuru wa nyumba, NITA na likizo zikiwekwa pamoja ni kama 2,700 tu. Wanasiasa na waajiri wakiongea utasikia "gharama ya kuajiri rasmi", "makato mengi", na makato ni kweli yameongezeka, NSSF mpya ilianza 2023, ushuru wa nyumba ukaja, alafu Oktoba 2024 ikaja ile ya afya ya asilimia 2.75 ambayo hiyo unakatwa wewe mwenyewe. Lakini kwa godauni lenu makato si ndiyo yanazuia watu kuandikwa. Kinachozuia ni kwamba siku utakapoandikwa na kupewa peslipu, hiyo peslipu itakuwa ushahidi kwamba mnalipwa chini ya kima. Kitabu cha geti hakisemi hivyo vizuri, ndio maana wanapenda kitabu.

(Na kabla hujaniuliza, ndio, ukiandikwa nawe utakatwa. Kwa 18,530 utakatwa kama 1,900 ya NSSF, afya na nyumba, PAYE, yaani ushuru wa mshahara, hutalipa juu uko chini ya 24,000. Mfukoni unabaki na kama 16,600. Bado ni zaidi ya 13,000, usikubali mtu akudanganye ati makato yatakumaliza.)

Je, watafunga? Swali la kwanza ni wanauza nini na wanashindana na nani. Kiwanda cha nguo pale Athi River kinachoshonea soko la Marekani kinashindana na Bangladesh na Ethiopia, na Ethiopia sekta ya binafsi haina kima cha chini cha mshahara kabisa. Mwenye kiwanda kama hicho akikuambia mshahara ukipanda ghafla atahama, msikilize, anaweza kuhama kweli. Lakini godauni la Kisumu litahamia wapi? Unga na sukari na mafuta ni ya watu wa Kondele na Ahero na Siaya, mizigo lazima ipitie hapa. Anayeshindana na mwajiri wako ni godauni la ng'ambo ya barabara, na kama hilo nalo linalipa 500, basi mwajiri wako akiwa mwaminifu peke yake ataumia. Hiyo ndiyo nusu ya ukweli ambayo supavaiza hakuimalizia. Hawezi kufunga kwa sababu ya sheria ikishika wote kwa pamoja, lakini anaweza kuumia vibaya ikimshika yeye tu na kumwacha jirani. Nimekaa na waajiri wanaolipa vizuri wakilia kwa sababu hiyo hiyo, na huwa naona wana haki ya kulia.

Kitu kingine ambacho kinaweza kutokea, na sitakuficha, ni kwamba mkiwa 60 watawapunguza mbaki 45 na waongeze mashine. Kericho wameona, makampuni makubwa ya chai yameleta mashine za kuchuna, watu wakakosa kazi, na 2023 mpaka mashine zikachomwa kwa maandamano. Mshahara wa juu si sababu peke yake ya mashine, lakini unasukuma. Mtu anayekuambia kuongeza mshahara hakuna hasara yoyote kwa yeyote hajawahi kuketi mahali bajeti inapangwa. Afrika Kusini wana sheria nzuri za kazi na vyama vyenye nguvu, na bado kama thuluthi moja ya watu wanaotaka kazi hawana. Wachumi hawajakubaliana ni kiasi gani cha hiyo kinatokana na sheria na kiasi gani ni urithi wa ubaguzi wa rangi, watu kujengewa mbali na kazi, shule mbovu na kadhalika, mimi naegemea kwa historia zaidi, lakini sheria nazo siwezi kuzisafisha kabisa.

Upande wa pili kuna Naivasha. Mashamba ya maua miaka ya nyuma yalikuwa na sifa mbaya kabisa ya vibarua, akina mama wa kuitwa na kufukuzwa. Leo mashamba mengi makubwa yana mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, ambacho makao yake ni Nakuru, na chama cha waajiri wa kilimo, na wafanyakazi wengi wameandikwa. Maua hayakuhama. Kilichobadilisha hapo si afisa wa serikali peke yake, wanunuzi wa Ulaya walianza kudai vyeti, magazeti ya kwao yakaandika, chama kikaingia ndani. Mshahara wenyewe bado ni mdogo, usidhani pale ni peponi, mama wa Karagita bado anakopa dukani, lakini mtu ana likizo, ana likizo ya uzazi ya miezi mitatu, ana mahali pa kulalamika. Shida ni kwamba godauni lenu halina mnunuzi wa Uholanzi wa kuuliza maswali. Mteja wenu ni mimi nanunua unga, na sijawahi kuuliza nani aliupakia.

Sasa mbona sheria haiwasaidii? Sababu ya kwanza haina siri, askari wa sheria hii ni wachache. ILO, shirika la kazi duniani, wana kipimo chao cha kukadiria, nchi maskini angalau mkaguzi mmoja wa kazi kwa kila wafanyakazi 40,000. Takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa, za 2024 zinasema watu walioko kazini Kenya, ukiacha wakulima wadogo na wafugaji, ni kama milioni 20.8. Gawanya, tungehitaji kama 520. Mtu yeyote anayeijua idara ya leba atakuambia hatuko hata karibu. Afisa mmoja anasimamia eneo ambalo kulizunguka lote ni hadithi, gari ikiwa iko mafuta hakuna, kwa hivyo anakaa ofisini anangoja malalamiko, na wanaolalamika ni wale tayari wamefutwa. Wewe ambaye bado uko kazini hawakuoni. Tunatunga sheria kama ya nchi tajiri alafu tunaipa miguu ya nchi maskini, na hii si Kenya peke yake, nenda Uganda, nenda Tanzania, utakuta hadithi moja.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Kwa hao milioni 20.8, kama milioni 17.4 wako jua kali, yaani kazi zisizo rasmi. Mwaka 2024 nchi ilipata kazi mpya 782,300, na 703,700 kati yake zilikuwa za jua kali, yaani kila kazi 10 mpya, 9 hazina mkataba wala peslipu. Boda, mama mboga, fundi wa Kibuye, mtu wa mtumba, hao hawana mwajiri wa kushtaki. Wakati mwingine nasikia watu wa mikutano wakisema tufanye jua kali iwe rasmi kana kwamba ni kuchagua tu, mtu ameamka akaamua hataki kuwa rasmi. Wengi wako huko juu mlango mwingine haukuwepo. Na hao ndio wanasimama nje ya geti lenu asubuhi. Mwajiri haogopi kukufuta, hapo nje kuna watu wa kutosha wanaoomba nafasi yako kwa hiyo hiyo 500, na hakuna kifungu cha sheria kinachoweza kushindana na hilo foleni kila siku.

Foleni lenyewe halikuanguka kutoka mbinguni, hasa kwetu magharibi. Angalia viwanda vilivyokuwa vinaandika watu. Kicomi ya nguo hapa Kisumu ilifungwa zamani. Kiwanda cha sukari cha Miwani kikafa. Pan Paper ya karatasi kule Webuye ikaanguka 2009, ikaja kuuzwa na kuanza upya kwa mwenye mwingine. Mumias ya sukari, ambayo mji mzima ulikuwa unaishi kwayo, iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi aliyewekwa na benki iliyokuwa ikiidai, 2019. Kampuni za sukari za Muhoroni, Chemelil, Nzoia na Sony zimekodishwa kwa kampuni binafsi 2025 kwa miaka 30, na wafanyakazi wamekuwa wakidai malimbikizo ya mishahara. Kila kiwanda kikianguka, watu wenye ujuzi na nidhamu ya kiwanda wanakuja mjini kutafuta kibarua, na bei yako inashuka. Ukiniuliza ni sera gani ya kazi ingewasaidia zaidi watu wa Nyanza na Western kwa miaka 30 iliyopita, ningesema ni kutoua viwanda vya sukari, na hiyo haiko kwa wizara ya leba hata kidogo.

Serikali imejaribu njia za mkato tangu uhuru. Mwaka 1964 walikaa chini watatu, serikali, waajiri na vyama, wakakubaliana: waajiri binafsi waongeze watu kwa asilimia 10, serikali asilimia 15, na vyama visidai nyongeza wala kugoma kwa mwaka mmoja. Watu wakaja kujiandikisha kwa maelfu, wengine wakitoka mashambani kabisa ambako hawakuwa wamehesabiwa kuwa hawana kazi. Ikarudiwa 1970. Nafasi zikajaa, muda ukapita, waajiri wakaacha tu kubadilisha walioondoka, na foleni likawa refu kuliko mwanzo. Wachumi wawili, John Harris na Michael Todaro, walikuwa wamekaa Kenya, na 1970 wakatoa maelezo ambayo mpaka leo yanafundishwa dunia nzima: ukiweka kazi nzuri chache mjini bila kugusa mashambani, unaita watu wengi kuliko kazi ulizoweka. Tumekuja kuwa na Kazi Kwa Vijana 2009, Kazi Mtaani 2020, mafunzo ya hapa na pale. Zinasaidia mtu kula mwezi huo, sizidharau, lakini kufagia mtaro kwa miezi michache hakukufanyi uwe na nguvu zaidi mbele ya mwajiri.

Ningekuwa mimi naamua, ningefanya vitu viwili kabla ya kuongeza hata mstari mmoja kwa sheria. Kwanza ukaguzi wa eneo zima kwa siku moja, magodauni yote ya mji mmoja, kila mtu apewe tarehe moja ya kupanda hadi kima, labda kwa hatua ndani ya mwaka mmoja na nusu, ili asiumie mwaminifu peke yake. Pili, wadogo warahisishiwe. Brazil walianzisha mpango 2008 ambapo mfanyabiashara mdogo kabisa analipa kiasi kimoja kidogo kila mwezi na hapo hapo anapata bima ya jamii, hakuna fomu kumi, na mamilioni wakaingia. Sisi tunampelekea mama wa kibanda ushuru kwanza na faida baadaye, alafu tunashangaa anakimbia. Kima cha mshahara chenyewe siwezi kukipunguza, lakini nyongeza za kutangazwa Leba Dei jukwaani, asilimia 12 mwaka 2022, 6 mwaka 2024, watu wakipiga makofi huku nusu ya waliopo uwanjani hawalipwi hata kile cha zamani, hiyo naona ni maonyesho.

Na kuna mlango wa nyuma wa kufungwa mapema. Mwajiri wenu akibanwa, hatua yake inayofuata itakuwa ejensi: mtaambiwa nyinyi sasa ni wa kampuni nyingine, godauni ni lile lile, supavaiza ni yule yule. Afrika Kusini waliona hiyo wakaandika, kuanzia 2015, kwamba mtu wa mshahara mdogo akiwekwa na ejensi zaidi ya miezi mitatu anahesabiwa kuwa wa ile kampuni anayoifanyia kazi. Sisi hapa hatuna kifungu kilicho wazi hivyo, kila kesi inapiganwa upya.

Turudi kwako. Usiende kwa supavaiza kumsomea kifungu cha 37 Jumatatu asubuhi, utakuwa nje kabla ya saa nne. Anza na ushahidi kimya kimya. Toa taarifa za M-Pesa za miaka yote mitatu, zinaonyesha kila Jumamosi pesa imetoka wapi, na zile wiki za kupumzika zitajionyesha zenyewe kwamba zinakuja kwa mpangilio, hiyo ndiyo silaha yako kubwa kuliko shahidi yeyote. Weka picha za ratiba ya shifti ikibandikwa ukutani, meseji za supavaiza za kuitwa kazini, andika tarehe. Angalia kwa NSSF kama kuna chochote kimewahi kuingia, saa zingine mtu anagundua walikuwa wanamkata na hawapeleki. Jua pia kwamba kazi ya zaidi ya miezi mitatu inafaa kuwa na mkataba wa maandishi na anayefaa kuuandika ni mwajiri, kifungu cha 9, na kama hana wa kuonyesha kortini, kifungu cha 10 kinamtwika yeye mzigo wa kukanusha masharti unayodai. Na ukiumia na gunia likikuangukia leo, sheria ya fidia ya ajali kazini inakulinda hata wakikuita kibarua, usikubali kupewa 2,000 ya dawa ukaenda nyumbani.

Alafu msiende mmoja mmoja. Mtu mmoja ni mkorofi, watu 40 ni mazungumzo. Chama cha sekta yenu kikishapata zaidi ya nusu yenu kinaweza kudai kutambuliwa, na hakuna sheria inayosema kibarua hawezi kujiunga. Najua vyama vingine vimelala, vinapenda makato kuliko kazi, ulizeni kwanza wale wa kampuni jirani kama afisa wao huonekana. Ofisi ya leba Kisumu nayo wanapokea malalamiko bure, na barua ya kundi wanaichukulia kwa uzito kuliko ya mtu mmoja. Ofa yenu isiwe "tupeni zote kesho". Anzeni na kima na NSSF, likizo ifuate, mpeni mwajiri miezi. Mwenye akili atakubali kwa sababu akisubiri kesi atalipa ya nyuma yote kwa pamoja.

Huyo mwenzenu aliyeambiwa asirudi ndiye mwenye haraka zaidi. Kumfuta mtu kwa sababu amelalamika ama anataka kulalamika hakukubaliwi, kifungu cha 46, na akishinda korti inaweza kumpa hadi mshahara wa miezi 12 juu ya notisi na likizo ambazo hakupewa, na kama NSSF haikulipwa, malipo ya miaka aliyotumikia pia. Hahitaji kwenda kwa jaji moja kwa moja, tangu 2018 mahakimu wamepewa ruhusa kusikiza kesi za kazi za watu wa mshahara usiozidi 80,000, kwa hivyo anaanzia hapo hapo kwa korti ya hakimu mjini. Lakini ana miaka mitatu tu tangu siku aliyofutwa, baada ya hapo hata awe na haki ya namna gani mlango umefungwa, na mazungumzo kwa ofisi ya leba hayasimamishi hiyo saa. Mpigie leo, mwambie atoe taarifa yake ya M-Pesa na atafute ile meseji ya mwisho kabla hajabadilisha simu.